Nilimkimbia baba mkwe kwa heshima, yeye akajua ni siasa

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Mimi humu huwa nasoma tu, nacheka comment zenu, naondoka. Leo nimeshindwa kukaa kimya. Kuna mdau kaandika kwamba mtu wa chama tawala na mtu wa upinzani hawawezi kukaa wakaelewana, bora kila mtu abaki na wake. Nikasema ngoja niwape ya kwangu.

Sio chai. Wahusika wapo hai, na mmoja wao ndiye anayenifanya niandike huku machozi yananilengalenga.

Mimi ni Mnyakyusa. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo sana, sura yake naijua kwa picha tu. Nimelelewa na bibi upande wa Tukuyu, mama akihangaika na soko Mbeya mjini. Kwa sasa nauza mchele soko la Mwanjelwa, Mbeya, ule wa Madibira, na anayesema tunauchanganya aje tuonane.

Sasa kwetu kuna jambo ambalo nyie wa mikoa mingine mtalishangaa. Mwanamke akiolewa anatakiwa amkimbie baba mkwe wake.

Simaanishi kumchukia. Namaanisha kumkimbia kweli kweli. Ukimuona anakuja, unaacha njia unapita shambani. Hampeani mkono. Hamli pamoja. Chumba alichopo huingii. Jina lake hulitamki. Ndiyo heshima yenyewe hiyo, na mzee anayekimbiwa vizuri huwa anatamba kwa wenzake kwamba mwanangu kaoa kwa watu.

Siku hizi wengi wameacha, hasa wa mjini. Lakini bibi yangu hakuwa wa siku hizi. Alinifundisha mambo hayo tangu sijavunja ungo, yakaniingia hadi kwenye mifupa.

Kisha nikapenda Mhehe. Najua utani wenu kuhusu Wahehe, leo uwekeni pembeni.

Mume wangu ni fundi magari, alikuwa na gereji ndogo Ipogolo, pale chini kabla hujapanda mlima kwenda Iringa mjini. Tukafikia nyumba ya uani kwa wazazi wake.

Baba mkwe (jina lake silitaji hata hapa, na mods wasidhani ni privacy) ni mzee wa watu. Balozi wa nyumba kumi, chama tawala tangu ujana wake, na mtu wa salamu kupindukia. Kwa Wahehe ukimpita mtu mzima bila "kamwene" umemtukana. Yule mzee anasalimia hadi mtu aliyeko ng'ambo ya barabara.

Haya sasa.

Asubuhi ya kwanza anakuja uani kumsalimia mkwewe mpya. Mimi nimesikia viatu vyake, nimeacha sufuria motoni, nimekimbilia chooni. Nimekaa humo mpaka uji ukaungua.

Kesho yake nikajificha nyuma ya banda la kuku. Ndiyo yakawa maisha. Kadiri nilivyomkimbia ndivyo alivyonifuata kunisalimia kwa sauti kubwa zaidi, maana aliona labda sijasikia. Na mimi kila akinifuata nasema moyoni, mzee huyu ananitafutia nini, mbona hana haya?

Mume wangu nilimweleza tangu uchumba. Alicheka. Akasema baba ni mtu wa watu, atazoea, na hakumwambia mzee chochote. Wanaume, jamani, mtatuua.

Kinachouma ni hiki. Nilitamani sana yule mzee awe baba yangu.

Jioni nilikuwa nasimama dirishani namsikiliza akiongea na watoto wa jirani, akiwatania, akiwauliza wamekula nini shuleni. Nikawa nasema kumbe kuwa na baba ndiyo kuko hivi. Maisha yangu yote sikuwahi kuwa na mtu wa kumwita baba. Nimempata, na natakiwa nimkimbie.

Ndipo siasa ikaingia.

Kaka yangu huko Mbeya aligombea udiwani kwa upinzani. Familia yetu haikuanza upinzani kwa kupenda. Mama alikuwa na meza ya nyanya sokoni, siku moja wakaja mgambo kuwaondoa wauzaji bila taarifa, nyanya zikakanyagwa. Alipokwenda kuuliza akaambiwa asilete siasa. Kuanzia hapo nyumba nzima ikahamia upande wa pili.

Basi nikaenda Mbeya kumpa kaka nguvu. Nikacheza kwenye mkutano wa kampeni, na nikianza kucheza huwa sijibani. Mtu karekodi. Video ikaruka group hadi group mpaka ikatua group la mtaa wetu Ipogolo. Mkwe wa balozi anakata mauno na bendera ya wapinzani mkononi.

Mzee akaunganisha mambo, akajisemea moyoni. Kumbe ndiyo maana hanisalimii. Kumbe ndiyo maana nikiingia yeye anatoka. Ananidharau kwa sababu ya chama changu.

Akaita kikao. Sebuleni wakakaa wazee wawili wa ukoo, mama mkwe na mume wangu. Mzee akasema amevumilia vya kutosha, hawezi kuishi na mtu anayemuona kama kinyaa kisa siasa. Kama hali ni hii, tuhame kwake. Na mtoto akizaliwa, maana nilikuwa na mimba, tusihangaike kumleta.

Nikaitwa niingie nijibu.

Wakuu, hebu fikirieni hilo. Nimeshtakiwa kwamba namkwepa mzee, na ili nijitetee natakiwa niingie chumba alichokaa mzee.

Nilifika mlangoni nikaishia hapo. Mume wangu akanivuta mkono, nikang'ang'ania fremu ya mlango. Nikamsikia mzee huko ndani anasema, "Mmeona wenyewe."

Nikajua nisipoongea sasa hivi nimempoteza. Nikaegemea ukuta, nyuma ya mlango, nikaanza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuisikia sauti yangu vizuri. Nikaeleza habari za bibi, habari za kuacha njia, kwa nini sili naye, kwa nini silitaji jina lake. Nikasema video ni yangu na chama ni changu, sikatai. Lakini hili la kukukimbia, baba, halina chama. Hata ungekuwa mwenyekiti wa chama chetu sisi, ningekukimbia hivyo hivyo.

Mzee mmoja wa ukoo akacheka, akajifanya anakohoa.

Baba mkwe akauliza polepole:

"Kwa hiyo muda wote huu ulikuwa unaniheshimu?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nilipokuwa nakufuata huko uani kukusalimia?"

Nikaona bora niseme ukweli. "Nilijua unanivunjia heshima."

Nikasikia kiti kinasogezwa, akatoka kwa mlango wa mbele. Kila mtu akajua kakasirika. Mimi nikarudi uani nikaanza kukunja nguo zangu.

Kesho yake asubuhi niko jikoni, lile jiko la nje la matofali, nasikia kitu kinaburutwa. Mzee kaleta kigoda, kakaa upande wa pili wa ukuta. Hakuchungulia. Akasema, "Kamwene, mwanangu. Mimi niko huku, wewe kaa huko huko."

Nikaitikia. Nikalia, na mama mkwe alipoingia nikamwambia ni moshi wa kuni.

Tangu siku hiyo tukawa watu wa ukutani. Kila asubuhi yeye kule, mimi huku, kikombe chake cha chai nakiweka kwenye tundu la dirisha, anakichukua bila kugeuka.

Na tulikuwa tunabishana, msidhani. Siasa tupu. Nikamwambia habari za nyanya za mama. Akasema hilo hakulijua, akaniuliza mama alikula nini wiki ile. Hakuna mtu wa chama chake aliyewahi kuuliza hivyo.

Yeye akanieleza kwa nini hawezi kukihama chama. Alikuwa mtu mzima hajui kusoma, barua za nduguye anasomewa na watu. Wakaja watu wa chama wakafungua darasa la kisomo kijijini kwao, akajifunza kuandika jina lake akiwa na mke tayari. "Wewe umezaliwa ukikuta shule," akaniambia. "Mimi walinifungua macho. Nitawatupaje?"

Kwetu tulizoea kusema wale wote ni wezi, basi. Hata leo kaka akianza hivyo namwambia yupo mmoja namjua, na kaka ananiita msaliti kwa utani.

Hakuna aliyehama, wakuu. Mzee alibaki kwake, mimi kwangu. Lakini akina mama wa genge pale mtaani walipotakiwa kuondoka, alisimama kwenye kikao cha tawi akauliza wameambiwa lini na wanapelekwa wapi. Wenzake wakamuuliza kama amenunuliwa. Alirudi anacheka, akanihadithia yote kwa ukuta.

Mtoto wetu alipozaliwa yeye ndiye aliyempa jina. Nilimpitisha dirishani, nikaona mikono yake miwili tu ikimpokea.

Baadaye mama yangu akazeeka, hawezi tena soko. Tukahamia Mbeya, mume wangu akafungua gereji huku, mimi nikashika biashara. Nikajua stori zetu zimeisha. Kumbe simu ni bora kuliko ukuta, maana kwenye simu hakuna uso wa kukwepa.

Kila jioni taarifa ya habari ikiisha, simu inaita. "Umesikia walichosema watu wako?" Hata salamu inakuja baadaye, Mhehe mzima. Tunabishana mpaka mume wangu anatuomba tuionee huruma vocha.

Halafu masikio yake yakaanza kugoma.

Mwanzoni alikuwa ananiambia mtandao mbaya. Kisha akawa anaita haloo, haloo, mimi napayuka mpaka majirani wanatoka nje, yeye hasikii, anakata. Kisha akaacha kupiga. Mama mkwe akasema hospitali wamemwambia ni uzee, na kwamba ukitaka akuelewe ukae mbele yake, akuangalie mdomo.

Mnaelewa tatizo langu? Mtu pekee niliyewahi kumwita baba, ili nizungumze naye sasa natakiwa nikae mbele ya uso wake.

Mtaniambia si ukae tu, mila gani hizo karne hii. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini hiyo ndiyo heshima niliyompa kwa miaka yote, na yeye aliipokea. Kuivunja siku anapodhoofika niliona kama namvua nguo.

Wiki iliyopita nikashindwa, nikapanda basi na mtoto mpaka Ipogolo. Nikazunguka nyuma, nikaingia jikoni kama zamani. Yeye amekaa nje. Nikaita kwa ukuta. Hakusikia. Nikaita kwa nguvu, kuku wakatawanyika, yeye katulia tu. Nikakaa kwenye kuni.

Mtoto akakimbia akamrukia babu yake. Nilimuona mzee kwa kitundu cha dirisha. Alipomuona mtoto alijua nami nipo. Akaangalia dirisha la jiko muda mrefu.

Kisha akasimama, taratibu, magoti yanamsumbua. Akakigeuza kiti chake kikatazama ukuta. Akakaa, akaupa mgongo uani wote. Akafumba macho. Akaligonga sikio lake la kulia kwa kidole, mara mbili, akasubiri.

Nikatoka jikoni.

Wakuu, nilimsogelea baba mkwe wangu kwa nyuma. Shingo yake imekonda. Nikainama, nikasema sikioni, "Kamwene, baba."

Alitikisa kichwa, machozi yanapita kwenye macho yale yale aliyoyafumba. Akaushika ukuta. Halafu kwa sauti ile ya watu wasiosikia, mtaa mzima ukasikia, akasema, "Haya, mwanangu. Watu wako wanasemaje huko Mbeya?"

Nikamwambia yote. Alibisha kila kitu.

Nilichojifunza mimi ni kidogo. Kabla hujasema fulani anakudharau kwa sababu ya chama chake, kabila lake au dini yake, muulize kwao heshima inafanywaje. Sisi tulikaribia kutengana kwa ajili ya siasa ambayo hata haikuhusika. Na kuelewana sijaona kama ni kukubaliana, maana mimi na mzee hatujawahi kukubaliana hata siku moja.

Mlioolewa au kuoa nje ya kwenu, semeni na nyie mlikwama wapi. Wa kunitukana kuhusu mila pia karibuni, nimezoea soko.

Ila kwanza nina shida. Mwenye uzoefu na vile vifaa vya kusikia, vipi vinamfaa mzee na vinasikika hata kwenye simu, naomba aniwekee hapa chini. Nimesharudi Mbeya. Kila jioni taarifa ya habari ikiisha naiangalia simu, na nina mengi ya kumbishia.