Mgeni wa Movani

Watu wa jengo letu hapa Umoja, Nairobi, wanamwita Mama Sylvance, ingawa Sylvance mwenyewe ana miaka hajakanyaga hapa. Jina la mama huyu ni Elsie Adhiambo. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi za baraza la jiji mpaka alipostaafu, na marehemu mumewe, mzee Omolo, alikuwa mtu wa reli. Anaishi orofa ya pili, vyumba viwili. Mimi ni Nzivo, natengeneza simu hapa chini karibu na ngazi. Kila anayepanda na kila anayeshuka lazima anipite, na nisipomsemesha mtu huwa naumwa.

Mama huyu alikuwa na mazoea ya kuja kusimama mezani pangu na simu mkononi. "Nzivo, hebu niangalizie. Nadhani imeharibika, simu haziingii." Nilikuwa naichukua, naipigia kwa yangu, inalia vizuri, namrudishia. Kabla wiki haijaisha yuko tena. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nilianza kukasirika, na si yeye niliyemkasirikia. Ile simu haikuwa na ugonjwa wowote. Asiyepiga alikuwa Sylvance Owuor, mwanawe wa pekee, mlinzi wa duka kubwa huko Doha.

Sylvance si mtoto mbaya, nisije nikaonekana namsengenya. Tumekua naye hapa hapa, tukipiga mpira wa makaratasi mpaka mamake atuite kwa sauti ya kupasua madirisha. Mwisho wa mwezi humtumia mama kitu bila kukosa, ila bila neno. Akipigiwa, jibu ni moja: "Niko kazini, Mama. Nitakupigia." Hapigi. Na tuseme ukweli, mama naye akipata sikio haliachii mapema. Umekula? Umeenda kanisani? Utaoa lini? Fulani amekufa, unamkumbuka? Na ile nyumba uliyosema utanijengea nyumbani Alego, imefikia wapi? Kijana aliyesimama mlangoni mwa duka kutwa nzima anaweza kuogopa maswali hayo kuliko anavyoogopa wezi. Namwelewa, lakini hasira haikunitoka.

Siku moja mama alishuka amevaa koti la kanisani, siku isiyokuwa ya kanisa, akaniuliza kama nimesikia ubaya wowote kutoka Uarabuni, maana Sylvance yu kimya.

"Mama, Sylvance yuko sawa," nikamwambia. "Jana tu amebishana na Githinji wa Tassia juu ya pinde, mpaka wote tukachoka."

"Pinde gani?"

Hapo nikawa sina njia ila kumweleza. Kuna mchezo unaitwa Morvane, sisi huku tunauita Movani. Ni nchi nzima ya kubuni: misitu, milima, mito, falme mbili zinazogombana, na majoka yanayolala mapangoni. Hakuna anayekuambia uende wapi. Unatembea unakotaka, unajenga unapotaka, na ukiwa mjinga unakufa unapostahili. Kwa kuwa nchi ni kubwa na watu wanapotea, sisi wachezaji wa Eastlands tuna kundi letu la WhatsApp la kupeana maarifa na matusi. Sylvance ndiye fundi wa hapo. Uliza swali, hata la kipumbavu, atakujibu kwa ujumbe wa sauti mrefu, kwa upole, kama mwalimu wa chekechea.

"Yeye huongea huko?" Mama Sylvance aliuliza.

"Huongea."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

Akaketi kwenye kiti cha wateja. Hakulia. Alivifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, vyote, ingawa jua lilikuwa linachoma, kisha akasema, "Niingize."

Nilimpa simu yangu ya akiba, ile yenye ufa pembeni ya kioo, nikatia laini mpya ambayo Sylvance haijui, nikamwekea mchezo na kumwingiza kwenye kundi. Jina la kutumia alilichagua mwenyewe: Mgeni. Nilidhani atachoka kabla ya Jumapili.

Swali lake la kwanza kwenye kundi lilisomeka hivi: "Hamjambo nyote. Naomba kuelekezwa namna ya kuvuka kinamasi cha kaskazini bila kupoteza uhai. Natanguliza shukrani."

Watu walicheka hadi simu yangu ikapata joto. Githinji akaandika, "Wasee, nani ameleta headmaster huku?" Mwingine akasema huyo lazima ni msee wa Mombasa, Nairobi hakuna mtu huandika hivyo. Basi ikapita, Mgeni akawa mtu wa Mombasa. Hata Sylvance aliamini. Kwao mama na mwana huongea Kijaluo, na hicho Kiswahili cha ofisini cha mamake hajawahi kukisoma popote.

Sylvance akajibu kwa sauti. "Mgeni, karibu. Usiwashe taa kwa hiyo swamp, buda. Taa ndio inaita wale mapepo. Zima, halafu fuata sauti ya vyura. Wakinyamaza, simama. Wakianza tena, songa. Na usiskize Githinji, huyo hufia hapo daily."

Mama aliusikiliza ujumbe huo hapa kwenye meza yangu. Ulipokwisha akaurudia. Akaurudia tena, simu ameibana sikioni kwa mikono miwili. Nikadhani hajaelewa habari ya vyura.

"Ana mafua," akasema.

Akaandika kwenye kundi: "Nashukuru sana. Nasikia una mafua. Kunywa maji moto yenye tangawizi." Sylvance akamjibu kwamba ni kile kipoza hewa cha dukani kinachomuua, akaongeza, "Asante, Mgeni. Hakuna mtu huku huniuliza." Mimi nikajifanya natafuta bisibisi.

Alijifunza Movani kuliko wengi wetu. Vidole vyake vilipiga chapa miaka mingi, vitufe havikumsumbua. Lakini nilimwona akiuliza maswali ambayo majibu yake alikuwa nayo. Kinamasi alikuwa anakivuka sasa akiwa anamenya viazi, na bado anauliza: je, mbalamwezi inasaidia? Je, farasi wa kijivu ana nguvu kuliko yule mweusi? Alichokuwa akikitaka ni ile sauti. Watu walipozozana kwamba matoleo mapya yameleta mvua nyingi mno na kuharibu mchezo, Sylvance aliandika kwamba mvua ndiyo kitu bora kabisa cha Movani, kwamba yeye akitoka kazini husimama tu kwenye mvua ile bila kufanya lolote, kwa sababu huko aliko hainyeshi. Mama alinisomea hilo kama mtu anayesoma telegramu ya msiba. Hakuwahi kuambiwa.

Alikuwa mpweke, sioni haja ya kulipamba neno hilo. Alikuwa akipika ugali wa mtu mmoja na kuniletea nusu kwa sababu mkono wake haujui kupika kidogo namna hiyo. Na sasa ndani ya simu yenye ufa alikuwa amempata mwanawe, akiongea, akicheka, akimwita "msee wangu". Aliniapisha nisimwambie. "Akijua ni mimi," alisema, "ataanza kuniambia yuko kazini."

Ijumaa ndiyo siku ya Sylvance ya mapumziko. Akaanza kumchukua Mgeni matembezini Movani, wawili tu, yeye akicheza kwenye kompyuta ya mwenzake wa chumba na kuongea kwa maikrofoni ya mchezo, mama akijibu kwa kuandika, maikrofoni yake imezimwa. Walilenga mlima wa theluji. Sasa, kila mchezaji anajua sharti la mlima: kabla ya kupanda, lazima ulale ndani ya nyumba. Usipolala, ukifa unarudishwa mwanzo kabisa wa nchi, na mwenzako anabaki huko juu. Sylvance alikuwa na nyumba kubwa ya mawe chini ya mlima huo. Akamwambia Mgeni aingie, achague kitanda.

Mgeni hakuingia. Alilala nje chini ya mti, mvua ikimnyeshea. Asubuhi ya mchezo wakapanda, upepo ukamtupa bondeni, akajikuta mwanzo wa nchi peke yake. Ilimchukua wiki nzima kutembea kurudi. Ijumaa iliyofuata, Sylvance akamfungulia mlango tena, na tena mama akaenda zake chini ya mti, akafa vilevile. Kundi zima likawa na maoni. Githinji akasema Mgeni ni mbishi wa Kipwani. Mwingine akasema labda simu yake ni mbovu, na mimi fundi wa simu hiyo nikalipokea tusi hilo.

Nilishindwa kuvumilia. "Mama, si ulale tu kwenye hiyo nyumba?"

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Nzivo, kwenu Ukambani sijui. Kwetu mama halali nyumba ya mwanawe mtu mzima. Hata nikifika Doha leo, nitatafutiwa pa kulala kwa jirani."

"Mama, ile nyumba ni picha."

"Na aliyeijenga ni picha?"

Nikarudi kwenye simu ya mteja niliyokuwa nimeifungua. Aliyeniudhi ni Sylvance. Mjaluo mzima, mzaliwa wa Alego, anamwona mtu anakataa kulala nyumbani kwake mara mbili na hashtuki. Lakini angeshtukaje? Mtu hamtazamii mamake chini ya mti huko Movani.

Ijumaa ya tatu mama alikuja kuketi kwangu mchana, kwa kuwa mtandao wa kwangu una nguvu kuliko wa kwake. Simu yenye ufa aliiegemeza kwenye kopo la skrubu, yake ya kawaida iko pajani. Sauti ya Sylvance ikatoka.

"Mgeni, niambie ukweli. Kwa nini hutaki kuingia kwangu? Nimekukosea?"

Mama akaandika: "Hujanikosea hata kidogo. Kwetu mtu kama mimi haruhusiwi kulala humo. Usiniulize zaidi."

Nilijua, na yeye alijua, kwamba neno moja likimgusa kijana pale alipokuwa, mchezo umekwisha, na Ijumaa nazo zimekwisha.

"Poa," Sylvance akasema. "Sitauliza. Kila mtu na kwao. Basi ngoja nikujengee keja yako."

Tukamtazama akijenga. Hakufanya kwa haraka. Alikata miti msituni, akasawazisha ardhi nje ya lango lake, upande wa kulia, akainua kuta. Akauliza mlango utazame wapi, mama akaandika, "Utazame lango lako." Akaweka madirisha mawili. Alipofikia paa, mvua ikaanza huko Movani, akaezeka akiwa analowa, huku akiimba kidogo kidogo puani, wimbo wa kanisa ambao hata mimi niliwahi kuusikia ukitoka orofa ya pili zamani. Mama Sylvance machozi yalikuwa yanamteremka na hayafuti.

"Mwanangu amenijengea nyumba," aliniambia. "Nzivo, umeona? Amenijengea nyumba."

"Nimeona, Mama."

"Siwezi kunyamaza. Lazima nimshukuru kama mamake."

Nikamwambia vizuri, ampigie. Nilikuwa nimefurahi kama mpumbavu. Akaichukua simu yake ya pajani, laini yake ya siku zote, akapiga. Ikaanza kuita sikioni mwake. Na kutoka kwenye ile simu yenye ufa, kupitia maikrofoni ya huko Doha, tukaisikia simu ya Sylvance ikilia.

"Ngoja, Mgeni," Sylvance akasema. "Ni mathe anapiga. Nikishika hapa, leo tumemaliza. Wacha ilie iishe."

Iliendelea kulia. Ililia kwake, ikaita kwetu, sauti mbili za kitu kimoja mezani pangu. Sylvance akapiga mluzi akiingojea inyamaze. Nilitaka kuinyakua ile simu nimpigie kelele, na Mungu ananijua, mkono ulikuwa tayari njiani. Mama akaushika. Kisha kwa kidole gumba akaikata simu yake mwenyewe.

"Ah, imekata," Sylvance akasema, na ahueni ilisikika wazi. "Haya, Mgeni, mlango uko wazi. Ingia uone."

"Mpigie tena," nilimnong'oneza. "Mwambie ni wewe."

"Nikipiga ataondoka," akasema.

Aliigeuza simu yake kifudifudi pajani, akajipangusa uso kwa kiganja, akavivuta vidole vyake kwenye kioo chenye ufa. Mgeni akaingia nyumbani. Kulikuwa na kitanda, kiti na moto. Huko nje Sylvance alikuwa amesimama kwenye mvua, anangoja kuambiwa.

"Sasa?" akauliza. "Iko aje?"

Mama akaandika: Ni nyumba nzuri sana, mwanangu. Akaisoma. Akalifuta neno la mwisho, ndipo akatuma.