Waya Uliofungwa Juu ya Rangi

Nilipiga magoti kando ya baba mkwe wangu, bega langu likagusa lake, nikamnyang'anya bisibisi.

Kwa watu wa mbali hilo si kitu. Kwa watu wa Bulumbi, nilikoolewa, ni msiba. Huku mke hamkaribii baba wa mumewe. Hampi mkono, hakalii kiti chake, akikutana naye njiani anampisha hadi kwenye nyasi. Kwetu Mukuju pia heshima hiyo ipo, kwa hiyo hakuna atakayenitetea kwamba nilikosea kwa ugeni. Nilijua ninachofanya. Mama mkwe alipiga ukelele kama aliyemwagikiwa uji wa moto. Mume wangu alikuwa kwenye usukani, mguu juu ya breki. Alinitazama kwenye kioo, akarudisha macho mbele. Mume wangu ni hodari sana wa kukaa kimya.

Ilikuwa asubuhi. Alikuwa anaondoka kwenda Majanji kuchukua dagaa, na kama kawaida angerudi giza likiingia, akivuta ile tela.

Pikapu yetu ni kuukuu lakini taa zake zenyewe hazina neno. Ugonjwa uko kwenye tela ya baba mkwe. Yeye aliendesha malori miaka mingi na hakuna mtu hapa nyumbani anayethubutu kumwambia kitu kuhusu gari. Kabla ya Krismasi aliipaka tela rangi ya buluu, kila mahali, mpaka ndani ya matundu ya bolti. Ikapendeza, siwezi kukataa. Halafu akafunga waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye chuma, juu ya rangi hiyohiyo. Umeme haupiti kwenye rangi. Nilifundishwa hilo sekondari, na hata asiyefundishwa angeweza kuliona.

Uani, tela ikiwa imesimama, taa zinawaka vizuri tu, kwa sababu umeme unajitafutia njia nyingine kupitia kile chuma kinachounganisha tela na pikapu. Ipakie mzigo, ipeleke kwenye mashimo ya barabara, chuma kile kinachezacheza ndani ya grisi na njia inakatika. Taa zinazimika. Ikifika nyumbani ikasimama, zinawaka tena. Ndiyo maana mzee anaapa mpaka leo kwamba hazijawahi kuzima.

Kupima taa za tela kunahitaji watu wawili, mmoja akanyage breki, mwingine aangalie nyuma. Mume wangu akiwa safarini na pikapu ikibaki, aliyekanyaga ni mimi. Na kwa kuwa mimi na mzee hatusemezani, mama mkwe alisimama katikati akibeba maneno.

"Mwambie akanyage," anasema mzee, hatua chache tu kutoka nilipo.

"Anasema ukanyage."

"Nimesikia, mama. Mwambie nimekanyaga."

"Anasema amekanyaga."

"Naona! Sasa aache."

"Anasema uache."

"Mama, mwulize waya wa athi ameufunga wapi."

Hilo mama mkwe hakulifikisha. Swali kama hilo halibebwi. Akanikonyeza niteremke, eti mtoto analia. Mtoto alikuwa mapajani mwangu, amelala fofofo.

Mume wangu niliwahi kumwambia. Siku moja nilipanda bodaboda kutoka Majanji nyuma yake, nikaona kwa macho yangu: shimo, giza, shimo jingine, taa zinapepesa kama mtu mwenye mchanga jichoni, halafu giza hadi tunafika. Nikamwambia usiku huohuo tukila.

"Mzee ameshaangalia," akasema.

"Ameangalia tela ikiwa imesimama."

"Sasa unataka nimwambie baba yangu hajui gari?"

"Ndiyo. Hilohilo."

Akaomba chumvi.

Kisha mtu akafa. Alikuwa jirani yetu, kijana wa bodaboda. Mtoto wake na wangu walipata chanjo siku moja, mimi na mke wake tukiwa benchi moja, tukicheka nani ana mtoto mwenye sauti kubwa. Jua lilikuwa limeshazama, mume wangu alipunguza mwendo akate kona ya kuingia kwetu, na kijana akaingia ndani ya tela kutoka nyuma kama vile hapakuwa na kitu. Kwake yeye hapakuwa na kitu. Askari aliyekuja alimwambia mume wangu akanyage breki. Tela imesimama. Taa zikawaka, nyekundu, nzuri. Mzee akasema, "Si mnaona?" Wakaona. Ikaamuliwa kwamba marehemu alikuwa mbio.

Na gari la kumtoa mochwari lilikuwa lipi? Letu. Mzee alijitolea mwenyewe, watu wakamsifu. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye gari la waombolezaji, karibu na mjane. Jeneza lilikuwa mbele yetu juu ya tela ya buluu, taa zimewashwa kama ilivyo desturi ya msiba, na kila ilipopita shimo zilikuwa zinazima. Nilitazama huku na huku kama kuna mwingine anayeona. Walikuwa wanaimba. Mjane alikuwa ameinamisha kichwa.

Tangu siku hiyo sikuwa na usingizi wa maana, na asubuhi ile nilipomwona mzee anachuchumaa tena, anakaza tena bolti ileile juu ya rangi ileile, nikaenda nikapiga magoti kando yake.

Nilikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Nikafunga waya hapo, nikakaza. Kisha nikapanda juu ya tela na mtoto mgongoni, nikarukaruka kama mwendawazimu. Taa hazikutikisika. Mama mkwe aliziona. Mume wangu aliwasha zile za usiku, akateremka akaja nyuma akaziona.

Mzee aliinuka polepole. Hakunitazama.

"Mama," akamwambia mke wake, "mwambie huyo mtoto wa watu kwamba tela yangu haifundishwi na wanawake."

Akaufungua waya wangu. Akaurudisha kwenye rangi. Mume wangu akapanda pikapu akaondoka, na kwenye mtaro wa kwanza tu, pale langoni, taa zikazima.

Sikuingia ndani hata kubadilisha kanga. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilimkuta anapiga mswaki, na habari zilikuwa zimenitangulia.

"Binti yangu," akasema, povu mdomoni, "wewe nakuja shitaki baba ya bwana yako?"

"Sishitaki baba. Nashitaki tela."

"Hiyo ni maneno ya nyumba. Mimi taandika ugomvi ya familia, mkae chini, muongee."

"Jirani tuliyemzika alikuwa wa familia gani?"

Akatema povu. Akasuuza mdomo.

"Lakini wanasema uligusa yeye."

"Nilimgusa. Andika na hilo."

Akaleta karatasi. Nilimsimamia mpaka akamaliza kuandika, kisha nikasoma mwenyewe na kumrekebisha mahali pawili, nikatia sahihi. Ilisema hivi:

Mimi, mke na mama, mkazi wa kijiji hiki, ninalalamika kwamba tela ya buluu ya baba mkwe wangu inatembea barabarani bila taa za nyuma. Taa hizo zinawaka ikisimama na kuzima ikitembea, kwa hiyo isipimwe uani, ipimwe ikiwa na mzigo na ikiwa njiani. Nimeyaona haya mwenyewe nikiwa nyuma yake, mara mbili, na mara ya pili ilikuwa imebeba maiti ya mtu iliyemuua. Ninaomba izuiwe leo, kabla jua halijazama, itakapokuwa inarudi kutoka Majanji, ingawa anayeiendesha ni mume wangu. Asubuhi ya leo nilimgusa baba mkwe wangu bega, kwa makusudi, nikaufunga waya sawasawa. Ameufungua.