Kiti cha Pili

Mimi ni mnene. Nalisema mapema kwa sababu watu wengi hulizungukazunguka, wakasema nina mwili, nina afya, nimejaaliwa. Nimekuwa hivi tangu nilipomzaa mtoto wangu wa pili, na hata kabla ya hapo nilikuwa njiani. Wateja wangu wa Kicukiro, hapa Kigali, ninakoshona mishanana, yale mavazi ya jadi ya harusi, na nguo za ofisini, wamenizoea. Waendesha pikipiki nao wamenizoea: hutazama kilima cha Kagugu ninakoishi, hunitazama mimi, kisha huwasha bila kusema neno. Siku zote niliuona mwili wangu kuwa shauri langu na la fundi wa kitanda changu, mpaka asubuhi niliyoteremshwa kwenye ndege.

Nilikuwa nakwenda Dar es Salaam. Dada yangu alibaki Tanzania sisi wengine tuliporudi Rwanda, na Alhamisi ile alikuwa afanyiwe upasuaji wa goti. Tulizaliwa Karagwe, kwa wazazi waliokimbilia huko, na mpaka leo tukiwa wawili tunazungumza Kiswahili. Mume wake alishafariki na watoto wake wako mbali. Aliponipigia simu aliniomba jambo moja tu: nikae naye mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na akifungua macho anikute. Nikamwahidi. Nikakata tiketi ya ndege ya Jumatano asubuhi kwa wakala mmoja wa mjini, ambaye alinitazama tangu naingia mpaka natoka na hakuniuliza chochote.

Nilipewa kiti cha katikati. Dirishani alikuwa ameketi msichana aliyekwisha kufumba macho, na upande wa njia akaja mwanamume wa makamo mwenye suti. Nilikaa nikajikunja, nikaingiza mabega ndani, nikabana viwiko tumboni. Mkanda haukufika. Vile vyuma vya kuegemea mikono vilikataa kushuka, kimoja kikabaki kimeinama juu ya paja langu kama mlango uliozuiwa. Na kusema kweli, paja hilo lilikuwa limevuka kwa yule mwanamume. Alivumilia kidogo, kisha akainua mkono kumwita mhudumu wa ndege. Hakusema kwa ukali. Alisema tu kwamba safari ni ndefu, na yeye pia amelipia kiti kizima.

Mhudumu alikuwa binti mdogo. Alikwenda, akarudi na msimamizi wake, na msimamizi akaniambia kwa Kinyarwanda, kwa sauti iliyofika safu tatu mbele na tatu nyuma:

“Mubyeyi, hutoshi. Ulitakiwa kununua viti viwili, na leo ndege imejaa. Itabidi ushuke.”

Mubyeyi maana yake mzazi, na kwetu ndivyo unavyomwita mama wa rika langu ukitaka kumheshimu. Nililisikia neno hilo likiwa pamoja na “hutoshi” katika sentensi moja. Nikamuuliza kwa nini sikuambiwa wakati wa kukata tiketi, au hata pale chini nilipokabidhi mzigo. Akasema hiyo ni sheria. Nikauliza imeandikwa wapi. Akatazama saa yake akaniambia abiria wote wananisubiri.

Nikainuka. Njia ya katikati ya ndege ni nyembamba, na mimi huipita kwa ubavu. Nilipita hivyo safu baada ya safu, mkoba nimeuinua juu ya kifua, na watu wakawa wanachungulia simu zao kwa bidii ili wasinitazame. Yule binti mhudumu alinisindikiza hadi mlangoni. Pale mlangoni alinigusa mkono akasema pole, polepole, msimamizi wake asisikie.

Mume wangu ni fundi wa magari, ana gereji Gatsata. Nilimpigia akaja na ovaroli yake ya kazi, akanichukua moja kwa moja hadi Nyabugogo kwenye mabasi ya mbali. Nilipata basi la mchana la kupitia mpaka wa Rusumo, nikalipa viti viwili bila kuambiwa na mtu, nikafika Dar Alhamisi jioni.

Dada alikuwa ameshatolewa chumba cha upasuaji. Fomu ya upasuaji ilikuwa imetiwa saini na jirani yake. Alikuwa amelala, mguu umefungwa mpaka pajani, midomo imemkauka. Aliponiona alitabasamu, kisha akageuza uso ukutani kwa muda. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba asubuhi ile dada aliwaomba wasubiri kidogo, mdogo wake yuko njiani, na wao wakamwambia daktari ana wagonjwa wengine.

Kwa siku mbili sikumwambia kilichotokea. Nilisema ndege iliahirishwa. Siku ya tatu, namwosha mgongo, nikamweleza yote na nikalia, sabuni ikiwa bado mkononi. Dada yangu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka mingi kabla hajastaafu. Machozi hayamtishi, ameyaona mengi. Aliningoja nimalize, kisha akaniuliza kama nimeiona hiyo sheria.

“Sijaiona. Wameniambia tu.”

“Basi rudi ukaione kwa macho yako,” akasema. “Kama ipo, uijue inavyosema. Kama haipo, wakwambie walikushusha kwa nini. Usirudi hapa kuniambia umesamehe kabla hujaisoma.”

Nilikaa naye wiki tatu, mpaka alipoanza kutembea na fimbo uani, nikarudi Kigali kwa basi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kwenda kuwatupia. Lakini nilipofika Rusumo, tumeshuka kugonga pasipoti, wazo lingine likaja na halikuondoka: je, kama walisema kweli? Nitasimama mbele yao nikidai natosha, nao wanipe kiti nijaribu? Nikaamua kwamba kabla ya kumuuliza mtu yeyote, nitajua ukweli wa mwili wangu mwenyewe.

Nina mteja anayesafiri kila mwezi kwa kazi. Nilimshonea gauni, na nilipomkabidhi nikampa pia futi yangu ya kushonea, nikamwomba anipimie kiti cha ndege za shirika lile, kutoka chuma hadi chuma. Alicheka, halafu akaona sicheki, akaiweka futi kwenye mkoba. Aliporudi aliniletea kipimo kimeandikwa kwenye kadi ya kupandia ndege: sentimita arobaini na tatu.

Mume wangu hakulipenda jambo hili. Aliniambia niachane nao, mashirika ni mengi, nitafute lingine. Alisema watanichoka na mimi nitachoka zaidi. Nikamwambia sitaki ushauri, nataka kiti. Siku mbili baadaye akaja nyumbani na kiti cha basi dogo lililogongwa, amekifunga nyuma ya pikapu ya rafiki yake. Tukakiweka sebuleni. Akapigilia ubao kulia na kushoto, mimi napima, yeye anasogeza, mpaka tukapata arobaini na tatu kamili.

Nikakaa.

Sikuingia. Nilipojishusha kwa nguvu, ubao wa kulia ulilia ukaachia msumari. Mume wangu aligeuka akaanza kupanga misumari yake kwenye kopo, moja moja, kunipa nafasi. Nikamwita apime kinachozidi. Akasita. Nikamwambia apime, hii ndiyo kazi yangu, kila siku napima wanawake na hakuna aliyekufa. Nilizidi vidole vinne. Nikaviandika kwenye daftari la vipimo la wateja, ukurasa wangu mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu nianze kushona. Siwezi kusema niliona aibu. Nilihisi kama mtu aliyekuwa anatembea gizani akagusa ukuta: angalau sasa nilijua ukuta uko wapi.

Basi nilipokwenda ofisini kwa shirika lile mjini sikwenda kudai kwamba natosha. Mara ya kwanza nilipokewa na kijana wa kaunta aliyeniambia niandike malalamiko kwenye mtandao. Nikayaandika palepale, nimesimama mbele yake. Hawakujibu. Mara ya pili nilikuta mtu mwingine, akasema sheria ipo lakini ni ya ndani, haionyeshwi abiria. Nikamuuliza abiria ataifuataje sheria asiyoonyeshwa. Akaomba udhuru, akaingia ndani, hakutoka tena. Nilikaa kwenye kiti chao cha wageni, ambacho kwa bahati hakikuwa na vyuma, mpaka mlinzi alipokuja kuniambia wanafunga.

Mara ya tatu nilikwenda na kazi. Nilibeba mshanana wa bibi harusi uliohitaji kutiwa shanga, nikakaa, nikafungua kopo langu, nikaanza kutia shanga. Kijana wa kaunta aliniuliza nasubiri nani. Nikamwambia nasubiri anayeweza kunionyesha ukurasa. Watu waliokuja kukata tiketi wakawa wanasimama kuangalia zile shanga, na mmoja akaniuliza kama nimefungua duka humo. Kabla ya saa sita nikaitwa ndani.

Meneja alikuwa mzee kidogo kuliko mimi. Tulianza kwa Kinyarwanda, na kila nilipofika kwenye habari ya dada yangu ulimi wangu ulikuwa unaniruka kuingia Kiswahili. Akanisimamisha, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Bujumbura:

“Madamu, sema tu na Kiswahili. Mimi nilikomalia Burundi, nakusikia muzuri.”

Kukomalia, kwao, ni kukulia. Nikamweleza vyote, pamoja na vidole vinne. Nilipofika hapo alivua miwani. Nadhani alikuwa amejiandaa kunithibitishia kwamba sikutosha, na sasa kazi hiyo nilikuwa nimeshaifanya. Akafungua kompyuta, akageuza kioo kunielekea, nikausoma ule ukurasa. Sheria ilikuwepo. Ilisema abiria ambaye vyuma vya kiti haviwezi kushuka pande zote mbili anunue kiti cha pili, na cha pili hupunguzwa bei. Lakini chini yake kulikuwa na mistari mingine miwili: kwamba abiria aulizwe wakati wa kukata tiketi, na kwamba mazungumzo hayo yafanywe faraghani. Niliisoma mara mbili. Kisha nikaweka kidole kwenye kioo, juu ya ile mistari miwili.

“Mimi nilivunja mstari wa juu bila kujua,” nikamwambia. “Ninyi mlivunja hii miwili na mlikuwa mnaijua. Nani alitakiwa ashuke?”

Aliniambia angeweza kunirudishia nauli yangu siku ileile. Nikamwambia nauli nitaipokea, ila sikuja kwa ajili hiyo. Nilitaka ukurasa ule utolewe ndani ubandikwe kwenye kaunta na kwa mawakala, kwa Kinyarwanda na Kiswahili, mahali mtu anapoweza kuusoma kabla hajatoa hela. Na nilitaka barua ya kumwomba radhi dada yangu. Akashangaa, kwa nini dada na si mimi. Nikamwambia mimi nilifika, hata kama nilichelewa. Aliyeingia peke yake ni yeye.

Barua ilichukua zaidi ya mwezi, na nilirudi pale na shanga zangu mara mbili zaidi kabla haijatoka. Ilikuwa fupi, yenye makosa katika jina la mtaa wa dada. Dada aliniambia ameiweka pamoja na karatasi zake za hospitali. Tangazo nalo lilibandikwa, la Kinyarwanda tu. La Kiswahili wanasema linatafsiriwa. Nimewaambia nitalitafsiri mimi bure, na wiki ijayo nawapelekea.

Mwaka huu dada alifanyiwa goti la pili. Nilikata tiketi kwa wakala yuleyule, na kabla hajanitazama nikamwambia viti viwili, abiria mmoja. Akaandika. Kusema kweli hilo bado lilinichoma. Kulipia nafasi ambayo mwingine huipata bila kufikiri ni jambo ambalo sijakubaliana nalo moyoni, na sidhani nitakubaliana nalo. Lakini dada alikuwa ananisubiri, na safari hii nilitaka mlango wa ndege ufungwe mimi nikiwa ndani.

Mhudumu aliniletea mkanda wa kuongezea umekunjwa ndani ya leso, akaniwekea mapajani kama mtu anayempa mwenzake zawadi. Niliinua chuma cha katikati, nikakaa vizuri, mgongo wote ukagusa kiti. Mabega niliyaacha yalipo. Tulipokaribia kuondoka akaja kijana na begi lake, akaniuliza kama kiti cha pembeni kina mtu.

“Ni changu,” nikamwambia.

Akatazama kiti, akanitazama, akasema sawa mama, akaenda nyuma kutafuta mahali pa begi.

Nilifika Dar kabla ya saa nane mchana. Kesho yake asubuhi nilitembea kando ya kitanda chenye magurudumu, nimeshika mkono wa dada, yeye akilalamika kwamba vidole vyangu ni vya baridi, mpaka kwenye mlango ambao mimi sikuruhusiwa kupita. Nikakaa kwenye benchi nje yake, nikamngoja.