Walionitoa Songea Nikiwa Songea

Sijawahi kufukuzwa mahali kwa utovu wa adabu. Barazani nilifukuzwa kwa kosa la kuishi nyumbani.

Baraza lenyewe lilikuwa la mtandaoni. Miaka ile intaneti ndiyo kwanza ilikuwa imefika Songea, na mimi nikitoka kufundisha nilipitia kafe moja karibu na soko, chumba chenye kompyuta chache na feni isiyozunguka, nikakaa nusu saa kama umeme upo. Watu wa Ruvuma waliotawanyika Dar es Salaam, Ulaya na Amerika walikuwa wameanzisha jukwaa lao, likakua hadi wakawa wengi kuliko waumini wa misa ya Pasaka. Wengi hawakuwahi kuonana. Waliulizana habari za mvua, wakabishana kuhusu vyama vingi na viwanda vilivyouzwa, wakatiana kiu ya togwa. Sisi tuliokuwa bado tunaishi mkoani tulikuwa wa kuhesabu kwa vidole: mimi, rafiki yangu muuguzi wa hospitali ya Mbesa ambaye kwao ni Tunduru, na wengine wachache.

Kazi yangu, ambayo hakuna aliyenipa, ilikuwa misiba. Mtu akiandika kwamba amesikia fulani kafariki, mimi nilikwenda kwa miguu hadi nyumba yenyewe. Msiba haufichiki. Kama upo, utaona turubai, utaona wanawake wamezunguka masufuria, na kabla hujakaa utakuwa umeshapewa ndoo ukachote maji. Nikirudi kafe niliandika: nimefika, ni kweli. Au: nimefika, marehemu kanikaribisha chai.

Kisha akaja tapeli. Alijiita kijana wa Songea anayesoma ng'ambo, akatangaza kwamba amefiwa na mama. Kipindi hicho tulikuwa na mitihani shuleni, sikuigusa kompyuta. Niliporudi, watu walikuwa wamekwisha kutuma rambirambi na kusali rozari. Nikauliza msiba uko mtaa gani. Akautaja, nami nikaenda. Hapakuwa na msiba, hapakuwa na mama, na hakuna aliyemjua mtoto huyo. Nikasema hivyo mbele ya wote, tapeli akatoweka.

Hapo ndipo msimamizi wa baraza, bwana mmoja aliyekuwa akiishi Ulaya tangu ujana wake, alipoamua kwamba kila mwanachama ahakikiwe. Sikupinga kuhakikiwa, nilipinga namna yake. Alitaka nakala ya pasipoti, na asiyenayo ajibu maswali kuhusu Songea aliyoyatunga yeye mwenyewe. Pasipoti ningeitoa wapi, mtu ambaye mwisho wa safari zangu ni Dar? Nikajibu maswali. Moja liliuliza Land Rover za Tunduru zinapakia abiria wapi. Nikaandika zinapopakia, maana asubuhi ile ile nilikuwa nimemsindikiza muuguzi hapo. Nikakosa! Jibu lililotakiwa lilikuwa mahali zilipopakia yeye alipokuwa kijana. Mengine niliyokosa yalikuwa ya namna hiyo hiyo: duka lililokwisha fungwa, mti uliokwisha katwa. Wa Ulaya wakafaulu. Mimi na muuguzi tukafeli, tukaondolewa, na juu ya hayo bwana yule akatangaza kwamba wamegunduliwa watu wanaojifanya wako Songea.

Nilicheka kwanza. Kisha hasira zikanipanda hadi mwenye kafe akaja kuniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia nimetolewa Songea na mtu asiyeijua. Muuguzi yeye alitaka tuyaache.

"Achana nao, dada," akaniambia. "Mwenyezi Mungu anatujua."

"Mungu anatujua," nikamjibu. "Hawa nao watatujua tu."

Nikamwandikia msimamizi kwamba niko hapa, na kama ananitilia shaka amtume ndugu yake yeyote aje aniulize mlangoni. Hakujibu. Nikaandika tena, na tena. Sikubembeleza hata mara moja.

Mwishowe alijibu, lakini si kuhusu hilo. Ndugu zake walikuwa wamemwambia kwamba baba yao ni mgonjwa sana, naye alishuku wanatafuta tu njia ya kumrudisha nyumbani. Akaniomba, kwa siri, niende kumwangalizia. Yaani mimi, nisiye wa Songea!

Nilikwenda siku hiyo hiyo, maana mgonjwa hangoji ugomvi wetu. Jibu ndilo nililolikalia. Nilimwandikia kwamba nimefika kwao na mzee nimemwona, nami nitasema nilichokiona akishaturudisha sote wa mkoani na kukiri mbele ya baraza kwamba alikosea. Wapo watakaosema nilikuwa katili. Na waseme. Yeye alikuwa na nauli ya ndege na ndugu wa kuwaamini, akavipuuza vyote. Mimi nilikuwa na neno langu tu, na ndilo alilolikanyaga.

Kesho yake alitangaza. Aliandika vizuri pia, bila kuzungukazunguka. Tangu siku hiyo, anayetaka kujiunga alitakiwa kudhaminiwa na wanachama wawili wanaopajua kwao, na hao ndio watakaoulizwa akiharibu. Muuguzi alipiga kigelegele kwenye simu hadi nikaiondoa sikioni.

Basi nikampa bwana yule jibu lake, si barazani, yeye peke yake. Nilimweleza kwamba nilimkuta mzee amelala mkekani uani, amekonda sana, mkwewe akimnywesha uji kwa kijiko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe wa nani, mwanangu?"

Nikamwambia mimi ni mwalimu wa hapa hapa mjini, nimetumwa na mwanawe wa Ulaya, anataka kujua kama kweli anaumwa.

Mzee alisukuma kijiko pembeni. "Huyo mwanangu," akauliza, "yeye mwenyewe yupo kweli? Umemwona?"

Maneno hayo nilimwandikia msimamizi kama yalivyotoka, sikupunguza. Chini yake nikaongeza jibu nililompa baba yake: kwamba sijawahi kumwona, na siwezi kumdhamini.