Bizimu ya Babu Yangu wa Butiama

Shule niliishia darasa la nne, lakini hapa Musoma hakuna anayezijua bizimu za mikanda ya jeshi kunizidi. Nasema bila aibu. Nilianza kwa kuokota vyuma chakavu Makoko, leo nina fremu yangu Nyasho, na wageni wanaokwenda mbugani wanaulizaga wenyewe yuko wapi yule wa vitu vya zamani. Hakuna aliyenifundisha. Bizimu ya kweli herufi zake zimelika kwa kusuguana na nguo miaka mingi, si kwa msasa. Ya kughushi wameilaza kwenye maji ya betri na chumvi, inatoa kijani cha haraka haraka, ukikwangua kwa kucha kinatoka. Tena uso haunidanganyi, uso kila mtu anautengeneza. Mimi nageuza nyuma, na huko nyuma ndiko nilikoharibu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, anakaa Butiama. Mwaka juzi alikuwa anajengea kwa saruji kaburi la baba yake, yaani babu yangu. Babu alipigana vita ya Mwingereza, hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na alirudi na bizimu moja ya shaba yenye simba. Picha hana, karatasi hana. Mjomba alitaka fundi aipachike kwenye saruji na chini yake aandike ASKARI. Majirani walikuwa wanamchekaga: "Baba yako alimenya viazi Nairobi, vita aliisikia kwenye redio." Akaniita niipime mbele yao, awafunge midomo.

Nikaenda na lenzi yangu. Wazee wamekaa, fundi ana mwiko mkononi. Nikaigeuza. Kulabu ya nyuma ilikuwa ya chuma, imelehemiwa, na pembeni ina mikato mitatu midogo. Mikato ile naijua tangu utoto, ni alama ya mhunzi wa kule kwetu, yule wa majembe na kengele za ng'ombe. Nikafurahi kugundua, kama mpumbavu.

"Mjomba, hii haijatoka Uingereza. Imefuliwa hapa hapa."

"Angalia vizuri, mpwa wangu."

"Nimeangalia. Mimi sikosei."

Jirani mmoja akapiga makofi. "Eeh! Si tulisema sisi?"

Mjomba aliichukua, akatembea hadi chooni, akaitupa shimoni. Aliporudi akamwambia fundi, "Andika jina peke yake."

Mwezi uliopita, sokoni Bunda, mfanyabiashara mmoja alinitolea bizimu nyingine, pamoja na mkanda wake wa jeshi la Mwingereza. Simba yule yule, mkia umepinda vile vile, hata kitundu cha hewa kando ya mguu wa nyuma kiko pale pale. Zilimiminwa kwenye kalibu moja. Kulabu yake ya shaba ilikuwa imevunjika, imebaki visiki viwili. Visiki kama vile nilikuwa nimeviona kwenye ya mjomba, chini ya lehemu, nikadhani ni matone ya risasi ya kulehemia. Babu alivunjikiwa kulabu, akampelekea mhunzi amtengenezee nyingine ili aendelee kuvaa mkanda wake. Basi. Mtu wa mbali asingeijua alama ya mhunzi yule, kwa hiyo asingekosea. Nimekosea mimi, kwa sababu ya kujua.

Nilipanda gari siku ile ile hadi Butiama. Nilimkuta mjomba anapukuchua mahindi.

"Mjomba, nilikosea. Ilikuwa ya kweli."

"Unanionea huruma."

"Haki ya Mungu, nimeona ndugu yake Bunda!"

"Basi nionyeshe ya baba."

Choo kile kilijaa masika, wakakifukia, juu yake wamepanda migomba. Nikamwambia nitamlipa fundi, aje aongeze lile neno. Akatikisa kichwa.

"Na wakiuliza nani kasema? Niseme wewe? Wewe wa siku ile, au wewe wa leo?"

Nikakaa chini, nikapukuchua naye mpaka gunia likajaa. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nikamwomba anisimulie tena ile habari ya babu kuvuka mto usiku na bunduki kichwani, ambayo tukiwa wadogo alikuwa anairudia mpaka tunasinzia.

"Nimeisahau," akasema, akaanza kushona mdomo wa gunia.