Mhudumu Asiye na Miguu

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu nililisoma mara mbili, kwa hiyo nikisema nimewahi kuiandikia akili mnemba maelekezo ya kazi, watu wanacheka. Wacheke tu. Binti yangu ana gesti Makambako, vyumba vitano chini na vinne juu. Zamani gesti ilikuwa yangu, ya chini tu. Ghorofa kaileta yeye. Mimi nalala chumba kidogo cha uani tangu magoti yalipozikataa ngazi. Nilitoka Njombe kijana, nikapakia mbao kwenye malori miaka mingi, na mgongo wangu hadi leo unaujua uzito wa mbao mbichi. Lakini nilikuwa nasema habari ya simu.

Wageni siku hizi wanatuma meseji kabla ya kuja. Binti akachoka kujibu huku mikono ina unga wa ugali, akaunganishiwa huyo mhudumu wa kwenye simu, anayejibu mwenyewe. Ila hajui kitu mpaka umwandikie.

"Baba, wewe umekaa mapokezi miaka na miaka. Sema, mimi niandike."

Nikaagiza chai, maana kazi ya kichwa inataka chai.

"Kwanza salamu. Mtu wa Njombe usipomsalimia hasikii neno lingine. Andika: aanze na Kamwene."

"Na madereva wa Zambia je?"

"Watajifunza."

Tukaandika habari ya maji ya moto. Kwetu Juni baridi inauma masikio, na maji ya moto yanatoka jikoni kwa ndoo. Mgeni aambiwe ndoo, asije akapapasa ukuta kutafuta bomba. Hilo nilielekeza vizuri sana. Ndipo nikatoa kanuni yangu kubwa: "Mgeni asiambiwe hakuna. Aambiwe chumba kipo, aje."

"Hata tukijaa?"

"Hata tukijaa. Mimi lini umenisikia nasema hakuna?"

Akaandika.

Haikupita wiki, mchana mmoja akashuka mama mmoja kwenye bajaji, mguu umefungwa plasta ngumu mpaka gotini, magongo mawili kwapani. Ametoka hospitali huko Ludewa, kesho apande treni arudi kwao. Binti akamwambia kwa upole vyumba vya chini vimejaa, vimebaki vya juu.

"Vimejaa vipi, na mwenzenu kaniambia kipo?" Akatutolea simu. Kweli, imeandikwa: Kamwene mama, chumba cha chini kipo, karibu.

"Yule si mtu, mama. Ni mashine."

"Mashine gani inasema Kamwene?"

Binti akaniangalia. Mimi nikaangalia ngazi.

"Daktari kaniambia mguu huu usikanyage chini," mama akasema. "Nikizipanda hizo, narudi kulekule nilikotoka."

Waliopanga chini walikuwa madereva, na wote wako ghalani wanapakia mahindi, funguo mifukoni. Nikachukua fimbo nikaenda kwa jirani wa kushoto: kumejaa. Wa kulia ana nafasi, lakini ana ngazi ndefu kuliko zetu. Nikiwa narudi ndipo nikaelewa kosa langu. Zamani nikimwambia mgeni chumba kipo, na kwangu kumejaa, nilibeba begi lake mwenyewe, nikamtembeza nyumba kwa nyumba mpaka apate pa kulala. Wako waliolala sebuleni kwangu. Ile "kipo" yangu ilikuwa na miguu. Kwenye maelekezo niliandikisha neno, miguu nikaiacha, kwa sababu sikujua kwamba nayo inaandikwa. Mtu wa hapa ningemwambia nusu, nusu nyingine angeijaza mwenyewe. Huyu wa kwenye simu hajawahi kubeba begi la mtu.

Nikamwambia binti, "Badilisha mashuka chumbani kwangu."

Mama akachungulia. Mna magunia ya viazi, majembe, na redio niliyoifungua ili niitengeneze.

"Baba, humu unalala au unahifadhi?"

"Vyote, mama. Karibu."

Mimi nikaenda juu. Ngazi kumi na nne nilizipanda kwa makalio, kinyumenyume, moja moja, na mama kakaa uani anahesabu kwa sauti, mwenye magongo anamcheka asiye na magongo. Nililala vizuri, sitadanganya. Juu kule kuna godoro jipya.

Asubuhi mama aliamka kapumzika, akanywa chai nasi. Binti akafungua maelekezo, akafuta kanuni yangu kubwa.

"Mwandikieni hivi," mama akasema. "Kama hajui, aseme hajui. Halafu amwite mwenye miguu."

Tukamwandikia vyumba vilivyojaa siku hiyo, kisha tukaandika: kikijaa sema kimejaa, mgeni akiwa mgonjwa au mzee, mwambie asubiri, kisha mpigie mwenye gesti, naye atatafuta kwa majirani. Salamu tukaiacha. Hiyo sikukubali iguswe.

Bajaji ilipompeleka mama stesheni, nikaijaribu kwa simu yangu, nikijifanya mgeni: mimi mzee, magoti mabovu, nataka chumba cha chini. Ikajibu: Kamwene mzee. Vya chini vimejaa. Subiri, nampigia mwenye gesti.

Jikoni simu ikalia. Binti akaisikiliza, akatoa kichwa mlangoni.

"Baba, kuna mzee mwenzio anataka chumba cha chini. Utahama tena?"

"Mwambie aje," nikasema. "Mashuka bado masafi."