Nilivyoozwa Mke Sokoni Nkhata Bay

Jamani, hili jambo nimelikalia miaka mingi kwa sababu kila nikitaka kulisimulia masikio yananiwaka moto, lakini kwa kuwa siku hizi mke wangu mwenyewe ndiye anayewasimulia wageni (na chumvi anaongeza), heri mlisikie kutoka kwangu mimi niliyefedheheka.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, serikali imelegeza biashara, kila mtu Mbinga ghafla ni mfanyabiashara, hata mwalimu wa hisabati anauza vitenge, na mimi niliyekuwa karani wa ghala la ushirika nikapunguzwa kazini, nikaona bora niingie kwenye maharage. Haya maharage yetu ya njano ya huku milimani watu wa ng'ambo ya ziwa, kule Malawi, wanayapenda sana, basi nikawa nayashusha kwa lori mpaka Mbamba Bay, yanapakiwa melini, yanavuka hadi Nkhata Bay. Shida ikawa moja tu, siwezi kuwa huku nanunua na kule nauza. Nikaajiri watu wawili wa kule kule. Mmoja aliitwa Esinta, mjane mwenye watoto, mama yake alitokea Liuli, upande wetu wa ziwa, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, huyo anauza sokoni. Wa pili Mzee Jailosi, analinda kighala nilichopanga nyuma ya soko.

Ofisa wa forodha pale Mbamba Bay aliniambia mapema, tena kwa upole: "Baba Oresta, kule ni nchi ya watu. Huwezi kuajiri raia wao na kampuni kule huna. Ama uandikishe kampuni, ama umtafute mwenyeji mwenye leseni awaajiri yeye kwa niaba yako."

Nikaitikia vizuri kabisa, kisha nikapuuza. Kuandikisha kampuni maana yake kwenda mjini kwao kupanga foleni kwa lugha nisiyoijua, na kumkabidhi mtu mwingine wafanyakazi wangu niliona kama ananinyang'anya biashara (ujinga una kiburi chake). Nikapita njia ya mkato. Nikawaambia Esinta na Mzee Jailosi, "Wakija watu wa serikali kuuliza, semeni sisi ni ndugu, mnanisaidia tu."

"Ndugu wa namna gani?" Esinta akauliza.

"Wowote. Ndugu ni ndugu."

Hapo ndipo nilipojimaliza.

Siku ya siku nimevuka na mzigo, na kwenye meli nilikuwa na jirani yangu Mama Katekista, mke wa katekista wetu, mama wa heshima zake aliyekwenda kununua vitenge vya kwaya. Tunafika sokoni, soko limefurika, na mbele ya meza yangu ya maharage amesimama mkaguzi wa kazi, mtu mrefu, soksi kazivuta mpaka magotini. Kiswahili alikijua, aliwahi kufanya kazi Mbeya, na pale bandarini wengi wanakisikia.

"Mama, umeajiriwa na nani hapa?" anamuuliza Esinta.

"Sijaajiriwa. Namsaidia ndugu yangu." Akaninyooshea kidole.

Mkaguzi akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Huyu Mtanzania? Ndugu yako wa ukoo gani? Babu yenu ni nani?"

Esinta akafungua mdomo, akaufunga. (Baadaye aliniambia alikuwa anatafuta undugu usiohitaji babu.) Halafu akatoa: "Ni mume wangu."

Mimi badala ya kukanusha, nikachekacheka kama bwana harusi.

Pengine yangeishia hapo, ila Mzee Jailosi naye akatokea ghalani, hajasikia hata neno moja la yaliyosemwa, na kumbe siku zote zile alikuwa ameshajiandalia undugu wake mwenyewe. Mkaguzi akamgeukia: "Na wewe mzee, huyu ni nani kwako?" Mzee akajikohoza, akavuta shati: "Huyu ni mkwe wangu. Amemuoa binti yangu."

"Kwa hiyo huyu mama ni binti yako."

Mzee akamwangalia Esinta, akaniangalia mimi, akaona hakuna pa kutokea. "Ndiye huyo huyo."

Soko zima likaangua kicheko, kwa sababu soko zima lilimjua baba yake Esinta, na lilihudhuria mazishi yake. Nyuma yangu nikasikia sauti ninayoifahamu: "Baba Oresta! Kumbe! Na Mama Oresta anajua?" Ni Mama Katekista, kitenge kimoja begani, mkono mdomoni.

Nikataka kumjibu, lakini watu walikuwa wameshakimbia kuwaita kaka zake Esinta, wavuvi waliokuwa wakipakua samaki pale ufukweni, na mkubwa wao akaja na kasia mkononi (sijui kwa nini hakuliacha kwenye mtumbwi). "Dada yetu kaolewa lini? Mahari mmempa nani? Huyu?" Akamgeukia Mzee Jailosi. "Wewe umekuwa baba yetu tangu lini?" Mzee Jailosi akarudi kinyumenyume akaketi nyuma ya magunia, hakuonekana tena.

Mkaguzi ndiye pekee aliyekuwa hacheki. Akaniambia, "Bwana, kama ni ndoa, malizana na shemeji zako hawa. Kama ni kazi, nionyeshe leseni. Chagua."

Ndugu zangu, jasho lilinitoka mpaka kwenye kope. Nikisema ndoa, nyumbani nina mke wa kanisani na mke wa katekista kasimama hapo hapo anasikia. Nikisema kazi, maharage yote yanakwenda na huenda nikalala rumande nchi ya ugeni. Nikatafuta jambo la tatu, sikuliona. Esinta akanisogelea, machozi yanamlengalenga lakini sauti imara: "Baba, sema basi. Wewe utapanda meli utaondoka. Mimi nitabaki na watu hawa hawa."

Hilo neno lilinichoma. Nikavua kofia. "Si mke wangu. Ni mfanyakazi wangu, na mzee naye ni mfanyakazi wangu. Mimi ndiye niliyewaambia waseme undugu. Kampuni sina, leseni sina. Kosa ni langu."

Kasia likashuka. Watu wakacheka upya, safari hii kwa huruma kidogo, na mkaguzi akafunga ghala langu kwa kufuli lake, akaniambia nimfuate ofisini. Niko kwenye benchi pale nje nasikia honi ya meli, inarudi Mbamba Bay, na Mama Katekista yumo. Nikajua habari zitanitangulia nyumbani.

Aliyeniokoa ni Mai Nyirenda, mama mwenye duka kubwa la nafaka, aliyefika pale bado anafuta machozi ya kicheko. Akamwambia mkaguzi, "Hawa wawili niandikie mimi. Watakuwa waajiriwa wa duka langu, mshahara na mambo ya serikali yapitie kwangu. Kazi wamfanyie huyu, naye atanilipa kwa usumbufu." Yaani lile lile aliloniambia ofisa wa forodha siku ya kwanza! Mkaguzi akafikiri, akanitoza faini, akanikemea kama mtoto wa shule, akakubali.

"Mimi nataka mkataba wenye jina langu," akasema Esinta, aliyekuwa ametufuata ofisini, "na penye jina la mume msiandike kitu." Hapo mkaguzi akacheka kwa mara ya kwanza, na mimi nikapata kuvuta pumzi.

Sasa nyumbani. Kutoka Mbamba Bay kupandisha milima hadi Mbinga nilikuwa juu ya lori nafanya mazoezi ya kujitetea. Nafika, uwanja umefagiwa, mkeka mpya umetandikwa, Mama Oresta amevaa gauni la Jumapili, na majirani wamejipanga ukutani. "Karibu, Baba Oresta. Mwenzangu yuko wapi? Maji ya kuoga nimewachemshia wawili."

Nikapiga magoti. Nikaeleza yote, nikachanganya mkaguzi na Mzee Jailosi, nikaapa kwa watakatifu ninaowajua na nisiowajua, naye ananiangalia tu, uso mkavu, mpaka alipoona nataka kulia ndipo akalipuka kwa kicheko hadi akashika ukuta. "Inuka bwana! Mama Katekista alinieleza kila kitu, mpaka ulivyotetemeka mbele ya yule mwenye kasia. Aliniambia ulisema ukweli mbele ya watu." Nikakaa pale pale kwenye mkeka, na ugali wa siku ile sijapata kula mtamu kama ule.

Tangu hapo nimekoma. Nikitaka mtu wa kunifanyia kazi nchi ya watu, hata wa kunibebea gunia moja, kwanza naulizia mwenyeji mwenye leseni wa kumwajiri. Esinta aliniuzia maharage miaka mingi chini ya Mai Nyirenda, na alipokuja kuolewa kweli, kaka zake walitualika harusini mimi na Mama Oresta. Tulikaa benchi la mwisho kabisa. Padri alipouliza kama kuna mwenye pingamizi na ndoa hii, kanisa zima liligeuka kunitazama mimi, nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu, na mke wangu pembeni anacheka mpaka mabega yanatikisika.